Neno Lililotoka Barazani

Neno "thing" la Kiingereza, pamoja na ndugu zake "Ding" la Kijerumani na "ting" la Kidenmark, leo hutaja chochote ambacho mzungumzaji hataki au hawezi kukiita kwa jina lake. Zamani lilikuwa jina la baraza la watu huru waliokutana kuamua kesi na kupatana juu ya sheria. Linaonekana kwa maana hiyo katika sheria za Hlothhere na Eadric, wafalme wa karne ya 7 wa Kent, ufalme wa kale wa kusini-mashariki mwa Uingereza, na limo katika jina la Althingi, bunge la Iceland lililoanzishwa mwaka 930 kwenye uwanda wa Thingvellir. Wataalamu wengi hulihusisha na neno la Kigothi, lugha ya kale ya jamii hiyo hiyo ya Kijerumani, lenye maana ya wakati, na hilo linaingia akilini, kwa sababu baraza la namna hiyo lilikuwa na siku yake maalumu.

Wapo wanaoona kwamba neno hili limeshuka hadhi, likatoka bungeni na kuangukia vikorokoro vya nyumbani. Sikubaliani nao hata kidogo. Maana yake ilipitia mahakamani: kwanza mkutano, kisha kesi inayosikilizwa mkutanoni, kisha jambo lolote la kuzungumzwa, na hatimaye kitu. Alama za njia hiyo hazijafutika, kwani Kiholanzi bado huita kesi "geding", mahakama ya wilaya nchini Sweden ni "tingsrätt", na mabunge ya Denmark na Norway ni Folketinget na Stortinget. Kilatini nacho kilipita humo humo bila undugu wa neno: "causa", yaani kesi, ndiyo iliyozaa "cosa" ya Kiitaliano na "chose" ya Kifaransa, zote zikimaanisha kitu.

Sisi tunayo "shauri", tuliyoipata kutoka Kiarabu, ambayo ni nasaha, ni kesi mahakamani, na pia ni jambo tu, kama tunaposema "hilo ni shauri lako". Wajerumani walipotawala Afrika Mashariki waliliingiza katika lugha yao kwa tahajia ya "Schauri", wakaliita hivyo baraza la kusikiliza kesi za wenyeji. Naamini walilihitaji kwa sababu "Ding" lao, katika mazungumzo ya kila siku, lilikuwa limeacha kumaanisha baraza karne nyingi kabla.