Daktari Kaburutwa na Mgonjwa

Niliporudi Lamu likizo ya mwaka wa pili, mtaa mzima ulikuwa umeshanipa udaktari. Mimi nasomea sayansi ya wanyama: lishe, uzazi, maziwa ya ng'ombe. Kutibu ni kozi nyingine kabisa. Lakini nenda kaeleze hayo Langoni uone.

"Mwanangu, huyu hali tangu yana," Ami akasema, akanikabidhi kamba. Punda dume, kijivu, mbeba mchanga na mawe, kainamisha kichwa kama mdaiwa.

Nikaingiwa na hofu. Punda akikaa bila kula siku mbili tatu, mafuta ya mwilini humiminika kwenye damu, ini likajaa, na hapo kupona ni bahati. Tena ni mnyama wa kuficha maumivu. Nikampigia daktari wa kweli. Yuko njiani, nipime joto kwanza.

Basi nikaanza kwa mbwembwe. Nikalaza sikio ubavu wa kushoto, macho nimefumba, nikingoja ule mngurumo wa tumbo la ng'ombe, mara moja au mbili kwa dakika. Watoto wametulia kimya. Ndipo nikakumbuka: punda hacheui. Tumbo hilo hana. "Eeh," nikasema, nikatikisa kichwa kisomi.

Kipimajoto hufungwa uzi, uzi ukabanwa kwenye nywele za mkia, kisije kikapotelea ndani. Pegi nikaichomoa kwenye kamba ya nguo za mama, ya kijani. Nikasimama ubavuni, si nyuma. Somo hilo nililishika. Nisilolishika ni la kamba: usijizungushie mkononi. Mimi nimejizungushia mara tatu, ili mkono wa pili ushike kikoi.

Upande wa pwani, jike akalia.

Mgonjwa akainua masikio. Masikio kwanza, kisha kichwa, kisha mimi.

Vichochoro vyetu vinamtosha punda mmoja na mzigo wake. Punda na mwanachuo kwa mpigo, hapana. Bega langu lilikwangua kuta mbili za matumbawe, kikoi kikabaki kwenye baraza la wazee, na alhamdulillahi nilikuwa na kaptura ya mpira ndani. Mbele yangu pegi inapepea, kipimajoto kinabembea kama kengele. "Shikilia, daktari!" mzee mmoja akanihimiza, kikombe cha kahawa hakijamtoka mdomoni.

Pwani akasimama, akamnusa jike, akakunja mdomo wa juu, meno yote nje. Hapo nikapata nguvu: somo hilo la uzazi nililifaulu vizuri.

"Ana nini?" Ami akauliza, akihema.

"Ami, huyu anataka mke tu."

Wavuvi wakacheka, nami nikajiona nimekombolewa. Nikasoma kipimajoto: 37.2. Salama kabisa.

Jioni daktari akaja, akamfungua kinywa, akamulika tochi. Gego limeota ncha kali, limemchana shavu. Kila akitafuna anajikata. Akalisugua kwa tupa ndefu, na punda akaanza kula majani palepale. Mambo ya mke hayakuulizwa, na Ami, Mungu ambariki, hakuyataja. Alinitazama tu.

Nyumbani nikamrudishia mama pegi yake. Aliipokea kwa ncha za vidole viwili, akainusa kwa mbali.

"Hii ilikuwa wapi?"