Mtoto wa miaka mitano anafanyiwa intavyuu ya nini?

Kila nikipiga simu nyumbani naulizwa swali lile lile, "hivi huko watoto wanasoma saa ngapi, mbona kila tukimuulizia mwanao tunaambiwa yuko nje anacheza?" Na ni kweli yuko nje. Yuko darasa la kwanza hapa Tampere, Finland, ana miaka saba, na kuna siku saa sita mchana keshamaliza vipindi. Binti wa dada angu kule Tabata, Dar, wamepishana miezi tu, ila yeye kaanza bebi klasi na miaka mitatu, sasa hivi yuko darasa la pili English medium, anaamshwa saa kumi na nusu alfajiri maana gari la shule linaanzia kwake alafu linazunguka Segerea, Kinyerezi, huko kote kuchukua wenzie, jioni anashushwa kigiza kinaingia, anakula, anafungua begi afanye homuweki huku anasinzia. Likizo nayo ina holidei pakeji, kurasa kibao.

Tuelewane lakini, simsemi vibaya dada angu. Anajinyima sana yule, ada analipa kwa awamu na ikikaribia tarehe halali. Wazazi wa Bongo kwa kujitoa kwa ajili ya shule ya mtoto sijaona wa kuwafananisha nao, na ndo maana naandika, kwa sababu inaniuma kuona jasho lote lile linaishia kwenye kumuwahisha mtoto mahali ambapo angefika tu hata bila kukimbizwa.

Huku hawana haraka kabisa. Mtoto anaanza darasa la kwanza mwaka anaotimiza miaka saba. Mwaka mmoja kabla kuna elimu ya awali, tangu 2015 ni lazima kwa kila mtoto, kama masaa manne kwa siku, na humo hakuna anayedaiwa kujua kusoma. Wanaimba, wanakata karatasi, wanaenda msituni na mwalimu wanaokota mbegu za misonobari na kuzipanga kumi kumi, wanajifunza kuvaa wenyewe yale manguo ya baridi, kusubiri zamu, kumsikiliza mwenzio mpaka amalize kuongea. Wengine wanatoka hapo tayari wanasoma, wengine hata jina lao wanaliandika herufi zimegeuka, na wote wanapokelewa darasa la kwanza vizuri tu. Sasa njoo Dar. Mtoto wa miaka mitano, wengine mitatu, anakalishwa mbele ya mwalimu asiyemjua aulizwe rangi na namba kwa Kiingereza, akinyamaza kwa aibu mzazi anaambiwa mtoto wako bado, arudi nyuma mwaka mmoja. Huyo mtoto nyumbani anaongea mpaka majirani wanamjua, anajua mangi anauza nini na bei gani, ila kwa kuwa ameulizwa kwa lugha asiyoijua basi kashaitwa mzito. Intavyuu ya nini jamani?

Nieleze siku ya huku ilivyo maana watu wanadhani ni kurukaruka tu. Kipindi ni dakika 45, kikiisha wanatolewa nje robo saa, iwe mvua iwe theluji, wanarudi mashavu yamewaka, viatu vinabaki koridoni na darasani wanakaa na soksi. Darasa la kwanza na la pili hairuhusiwi kuzidi vipindi vitano kwa siku, hiyo ni kanuni ya nchi nzima, sio huruma ya mwalimu mkuu. Chakula cha mchana ni bure kwa kila mtoto tangu 1948, na hapo nchi ilikuwa ndo imetoka vitani, inalipa madeni ya vita, watu wana njaa, yani walianza kulisha watoto shuleni wakiwa masikini. Hilo huwa nalirudia kila mtu akiniambia "wenzetu wana hela". Hela walikuja kuzipata baadaye.

Kilichonivutia kuliko vyote ni kazi za mikono. Ni somo kamili, wanafanya wote, wa kiume na wa kike, na lipo kwenye shule zao tangu 1866. Mwanangu kaja juzi na kimfuko cha kitambaa kashona mwenyewe kwa mkono, mshono umepanda na kushuka, fundo kubwa mwishoni, na alitaka kunionyesha kila hatua. Nikajua kumbe mwalimu hakuwapa sindano tu waanze. Kwanza walichora mfuko utakavyokuwa, wakapima kwa rula, wakaambiwa waache nafasi ya mshono, wakachagua uzi, wakashona, na mwisho kila mmoja alisema angeshona tena angebadilisha nini. Wangu alisema angeacha sentimita mbili badala ya moja. Mtoto wa miaka saba anakwambia sentimita na anaijua iko wapi kwenye kitambaa, mi naona hesabu hiyo imeingia kuliko kujaza kurasa nne za kujumlisha. Na wapo wanaoshika msumeno na nyundo umri huo huo, mwalimu kasimama pembeni.

Na sisi tulikuwa nayo hii! Tuliosoma shule za serikali tunakumbuka stadi za kazi, kusuka ukili, kutengeneza fagio za chelewa, kufinyanga vyungu vya udongo, kuhesabu kwa vizibo vya soda na vijiti tulivyokata wenyewe. Leo mwambie mzazi wa English medium kwamba mwanae kashinda kipindi kizima anasuka ukili, atakwenda ofisini kudai ada yake. Tumejifunza kudharau vitu ambavyo wenzetu wanavilinda, na sio kwamba tumekosa vifaa, minazi bado ipo.

Sasa nije kwenye kusoma maana hapa ndo penye uchungu wangu.

Kifini, lugha ya huku, kinasomwa kama kilivyoandikwa, sawa sawa na Kiswahili. Herufi moja sauti moja, basi. Na wanafundisha kwa silabi kama tulivyofundishwa sisi, kitabu cha darasa la kwanza maneno yamekatwa kwa vistari, ka-la, ta-lo, mtoto anaruka silabi moja moja kama anavuka mto juu ya mawe. Ilipofika Krismasi wangu alikuwa anasoma. Alafu kikatokea kitu ambacho sikukitegemea, akachukua kitabu cha hadithi cha Kiswahili nilichokuja nacho kutoka likizo akaanza kukisoma bila mtu kumfundisha. J alikuwa anaisoma kwa sauti ya y maana kwa Kifini ndo ilivyo, jua akawa anasema yua, ch na ng' zikampa shida siku mbili tatu, nikamsahihisha, akaenda. Yani kusoma alikopata kwa lugha moja kukafungua ya pili papo hapo kwa sababu zote mbili zimenyooka.

Sasa fikiria mtoto wa Tanzania, ana lugha iliyonyooka namna hii mdomoni, ba be bi bo bu anaikamata akiwa hajamaliza muhula, na badala ya kumpa hiyo ajisikie na yeye ni msomaji tunampeleka moja kwa moja kwenye lugha ambayo knife ina k haitamkwi, one inasomwa kama inaanza na w, though na through zimefanana mwisho lakini kila moja inaenda kwake. Kwa anayekiongea Kiingereza nyumbani bado ni mzigo, watoto wa Kiingereza wenyewe wanachelewa kusoma kuliko wa Kifini. Kwa asiyekiongea anakariri tu picha ya neno. Binti yetu wa Tabata aliniandikia elephant vizuri kabisa, nikampa sentensi fupi ya Kiswahili kuhusu tembo kunywa maji mtoni, akakwama, akaniambia mama mdogo Kiswahili kigumu. Lugha anayoota nayo. Nilinyamaza kwenye simu sikujua nimjibu nini.

Na kabla hujaniambia dunia ya sasa bila Kiingereza huendi popote, nakubaliana na wewe asilimia mia, hata hapa bila Kiingereza ningepata shida sana miaka ya kwanza. Ila angalia wenyewe wanavyofanya. Kiingereza kwa watoto wengi kinaanza darasa la kwanza tangu 2020, zamani wengi walianza la tatu, na kinaanza kama somo, nyimbo, michezo, kuongea, wakati kusoma na kuandika wanajengewa kwa Kifini. Na ukipanda basi hapa kijana yeyote ukimuuliza njia kwa Kiingereza anakujibu vizuri. Sayansi yote, hesabu yote, kasoma kwa Kifini. Kwa hiyo ile hoja kwamba mtoto asipofundishwa kila kitu kwa Kiingereza tangu ana miaka mitatu hatokijua, mi naishi katikati ya watu wanaonionyesha kila siku kwamba sio kweli.

Jambo lingine ni walimu. Anayefundisha darasa la kwanza huku ana shahada ya uzamili, mastaz, na wengi wanapanda na darasa lao miaka kadhaa kwa hiyo anamjua mtoto mpaka anavyokasirika. Kwetu darasa la kwanza ni kama adhabu, anapewa mwalimu mgeni au aliyekosa wa kumtetea, na anakuta watoto mia na zaidi wakati kiwango cha serikali ni 45. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 watoto walimiminika, jambo zuri sana, madarasa na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Huyo mwalimu simlaumu hata kidogo. Anayeweza kufundisha silabi watoto mia na wakasoma anastahili mshahara wa mkurugenzi.

Ripoti kadi ya nafasi, wa kwanza, wa thelathini na mbili, huku madarasa ya chini haipo. Tunaitwa, tunakaa watatu, mwalimu, mzazi na mtoto, na anayeanza kuongea ni mtoto, anaulizwa anaona nini anaweza, nini bado. Wangu alisema kusubiri zamu bado. Mwalimu akaandika, tukapanga. Hakuna mtu aliyemlinganisha na mtoto wa jirani.

Haya, na huku nako sio peponi. Kwenye ile mitihani ya kimataifa ya PISA Finland ilikuwa juu kabisa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kuanzia 2006 inashuka, na wao wenyewe wanaumia wanajadili kila mwaka, simu zimelaumiwa mpaka Agosti 2025 sheria imezizuia kwenye vipindi. Pengo kati ya watoto wa wahamiaji na wenyeji ni kubwa, kwa hiyo ndugu zangu mlio huku msikae kimya mkidhani shule nzuri inajiendesha, ulizeni mtoto amewekwa kundi gani la Kifini na kwa nini, na kama manispaa yenu ina somo la lugha ya nyumbani muandikisheni Kiswahili, ni masaa mawili kwa wiki na hulipi.

Na kuna vitu mtoto wangu anavikosa navyo vinaniuma. Kusimama mbele ya watu. Kwetu mtoto wa chekechea anapanda jukwaani kwenye mahafali anaghani ngonjera yote bila karatasi, wazazi wanapiga vigelegele, huku watoto ni wapole mno, wangu akiitwa aongee sauti inapotea. Kuhesabu kwa kichwa vile vile, binti wa Tabata anampita mbali, jedwali la tano analiimba. Na ule utaratibu wa mkubwa kumshika mkono mdogo njiani mpaka geti la shule bila kuambiwa na mtu. Hivyo ni vya kwetu na tusiviuze.

Ninachowaomba wenye shule binafsi ni kimoja, miaka miwili ya kwanza fundisheni kusoma kwa Kiswahili, Kiingereza kiwe cha kuongea na kuimba, alafu la tatu muwabadilishie mtakavyo, watakuwa wameshajua kusoma. Hamtopoteza wateja mkiwaeleza wazazi vizuri.

Na kwa walimu wa shule za serikali, za Kayumba kama watu wanavyoziita, nina swali. Huku vipindi vya kusoma darasa la kwanza mara nyingi wanagawa darasa nusu, kundi moja linawahi kuja na kuwahi kutoka, lingine linakuja saa moja baadaye na kubaki, kwa hiyo kila siku kuna saa mwalimu yuleyule ana nusu tu ya watoto. Dar shule nyingi tayari zina awamu ya asubuhi na ya mchana kwa sababu ya uhaba wa madarasa. Je, ndani ya awamu moja inawezekana kutenga hata saa moja ya namna hiyo kwa ajili ya silabi tu, au ukiwa na watoto mia na ishirini na chumba kimoja nusu nyingine utaiweka wapi? Kama unafundisha darasa la kwanza na umewahi kujaribu, naomba unieleze ulivyofanya.