Mguu wa Kushoto Haujaribiwi

Kwa miaka tisa nilivaa jozi moja ya viatu vyeusi vya mtumba niliyoipata Karume, Dar es Salaam, kwa shilingi 35,000, baada ya mabishano ya nusu saa na muuzaji aliyeapa kwamba ngozi ile haifi. Ndani, karibu na kisigino, maandishi yaliyofifia yalisema kuwa viatu hivyo vilitengenezwa Northampton, Uingereza. Soli ilibadilishwa mara tatu na fundi wangu wa Kariakoo, mzee wa maneno machache, ambaye kila alipovipokea alivipindua na kuvitazama kama daktari anayempima mtoto wa mkubwa, kisha akanionyesha jambo lile lile: ukanda mwembamba wa ngozi uliozunguka kiatu, ulioshonewa kwenye ngozi ya juu, na soli nayo ikashonewa kwenye ukanda huo badala ya kubandikwa kwa gundi. Ndiyo maana, alisema, soli ikiisha unafumua mshono mmoja tu, na kiatu chenyewe wala hakijui kama kimefanyiwa upasuaji.

Basi ofisi iliponituma London mwezi wa Oktoba 2023 kwa mafunzo ya wiki mbili, nilikuwa na shughuli mbili moyoni, na mafunzo yalikuwa ya pili. Desemba ile binti wa marehemu kaka yangu alikuwa anaolewa Tanga, na mimi, baba yake mdogo, ndiye niliyekuwa walii wa kumwozesha. Nilijiapiza kwamba sitasimama mbele ya wakwe nikiwa na viatu ambavyo mzungu fulani alikwisha kuvichoka.

Sasa naomba nieleze habari ya soksi, kwa maana bila soksi hakuna kisa. Mke wangu alinifungia jozi sita nzuri, nami kwa ujanja wa kukwepa bei ya dobi wa hoteli nikazifua zote Ijumaa usiku na kuzianika juu ya bomba la joto la ukutani, ambalo usiku huo huo liliamua kupoa. Jumamosi asubuhi zote sita zilikuwa mbichi kama dagaa wa jana. Nikabaki na jozi ya saba, ile niliyokuja nayo ya kulalia, ambayo upande wa kushoto ilikuwa na tundu mbele, la ukubwa wa shilingi. Nikajiambia kwamba tundu liko ndani ya kiatu, na ya ndani hayaonekani. Jinsi mtu aendaye kujaribisha viatu dukani alivyoweza kufikiri hivyo, mpaka leo sijapata jibu.

Treni kutoka Euston huchukua kama saa moja. Njiani nilisoma habari za mji ule kwa adabu ya mtu anayekwenda kuhiji. Northampton ilipata ufundi wake kwa sababu za kawaida kabisa: ng'ombe walikuwa wengi, magome ya mialoni ya kulainishia ngozi yalipatikana misituni, na maji ya Mto Nene yalikuwa karibu. Mwaka 1642 mafundi wa mji huo walipewa oda ya kulishonea jeshi jozi 4,000 za viatu na jozi 600 za buti, na hata leo timu ya mpira ya hapo mashabiki huiita kwa jina la utani la mafundi viatu. Nilivutiwa sana, ila kwa kadiri treni ilivyokwenda ndivyo nilivyohisi kidole gumba cha kushoto kikisogea mbele, kikipanua mlango wake. Tuliposhuka kilikuwa nje chote, kama kobe aliyetoa kichwa kutazama kama mvua imekatika.

Duka nililoliendea, ambalo sitalitaja kwa sababu halikunikosea lolote, lilikuwa ubavuni mwa kiwanda, na lilikuwa na chumba cha nyuma kilichouza viatu vyenye kasoro ndogo kwa bei iliyopunguzwa. Kasoro zenyewe zilikuwa za namna ambayo kwetu tungeziita madoido: mshono mmoja uliopinda kidogo, au kikunjo cha ngozi ambacho muuzaji alinionyesha kwa ncha ya kalamu nami nikakitikisia kichwa bila kukiona. Muuzaji alikuwa mzee wa nywele nyeupe, mwenye aproni na kijiko kirefu cha kuvalia viatu alichokishika kama bakora ya kadhi. Alinieleza kuwa jozi moja hupita katika hatua zaidi ya 200 na huchukua wiki nyingi, na kwamba ngozi huachwa siku kadhaa juu ya kalibu ya umbo la mguu ili ishike sura yake. Nilimsikiliza huku macho yamenasa kwenye jozi moja nyeusi ya kufunga kamba, aina ya Oxford, isiyo na urembo wowote isipokuwa mshono mmoja uliopita juu ya vidole. Bei ilikuwa pauni 210, kama shilingi 650,000 za kwetu. Nikauliza habari ya kurudishiwa kodi uwanja wa ndege, kama alivyonifundisha mwenzangu mmoja aliyesafiri mwaka 2015, na mzee akanijibu kwa huruma kwamba utaratibu huo kwa wageni wanaonunua madukani ulifutwa tangu mwanzo wa mwaka 2021. Nilimeza habari hiyo kama kwinini.

Kisha akasema nikae, nivue viatu vyote viwili, anipime.

Nilitazama ukutani kutafuta wokovu, na wokovu ulikuwepo: rafu nzima ya soksi za sufu. Ningenunua jozi moja, ningejifungia chooni, mambo yangekwisha. Lakini jozi ilikuwa pauni 16. Nikapiga hesabu: shilingi 50,000, ambazo Kariakoo zinanunua soksi za ukoo mzima na wapangaji wao. Roho ya Kitanga ikakataa katakata. Mtu ambaye dakika mbili zilizopita alikuwa tayari kutoa pauni 210 alishindwa na 16, akaamua kutumia kitu kisicho na gharama, yaani uongo.

Nilivua kiatu cha kulia. Mzee akaupima mguu kwa kifaa chake cha chuma, akasema namba 8, upana wa kawaida, kisha akageukia wa kushoto akiwa amepiga goti, mkono umenyooshwa. Nikaurudisha mguu chini ya kiti.

"Samahani, bwana," nikasema. "Kwetu tunaanza na mguu wa kulia."

Hiyo ilikuwa kweli tupu, tena sunna. Kila mtoto wa madrasa anajua kwamba kiatu huanza kuvaliwa kulia. Mzee akatabasamu, akasema huo ni utaratibu mzuri, na akaendelea kusubiri, maana kuanza na wa kulia kunabashiri kwamba wa kushoto utafuata. Kimya kikarefuka. Nikaona lazima niiongezee sunna yangu mkia.

"Na wa kushoto," nikasema, "hauvishwi kiatu kipya ugenini. Unavishwa nyumbani, mbele ya familia."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Mzee akaondoa mkono wake taratibu, kama mtu aliyekaribia kugusa kitu kitakatifu. Akaniomba radhi. Akaniambia, hata hivyo, kwa wajibu wa kazi yake, kwamba miguu ya binadamu mara nyingi hailingani, kwamba hatua ya namba moja kwenda nyingine kwa vipimo vyao ni theluthi ya inchi, urefu wa punje ya shayiri kwa hesabu za kale, na kwamba nusu ya punje hiyo inatosha kumharibia mtu siku. Nikamwambia miguu yangu ni mapacha. Akanivisha cha kulia, na kiatu kikanikaa kama kilichoshonwa kikiwa na picha yangu ukutani. Nililipa, nikatoka na sanduku kwapani, na ndani ya treni ya kurudi nililifungua mara nne ili kunusa tu.

Ungetegemea kwamba mwenye akili angekijaribu cha kushoto usiku ule ule hotelini. Mimi nilikuwa nimefungasha, na jambo ambalo naona haya kulisema ni kwamba nilikuwa nimeanza kuiamini kidogo mila yangu mwenyewe. Sanduku lilikaa juu ya kabati mpaka asubuhi ya harusi, Tanga, katika jua la Desemba ambalo hata bila kiatu linavimbisha mguu.

Cha kulia kiliingia kwa bismillahi. Cha kushoto kilipokea vidole, kikapokea unyayo hadi katikati, kikakataa kisigino. Mke wangu alileta poda. Akaleta kijiko cha kulia wali kiwe mkono wa kuvalia, kikapinda. Akaleta cha pili, cha wageni, ambacho hakupenda kukileta, na hicho ndicho kilichofanikiwa, kwa sauti kama ya kizibo. Nilisimama. Maumivu yalipanda mpaka kwenye jino.

Kutoka nyumbani hadi msikitini hapazidi hatua 300, lakini siku ile Tanga iliongezewa ardhi. Kijana wa dada yangu akaja ubavuni.

"Shikamoo, mjomba. Mbona unachechemea?"

"Marahaba. Ni mguu tu, unaniuma tangu safari," nikamwambia, na kabla hatujafika msikitini habari ilikuwa imenitangulia kwamba mjomba amerudi Ulaya na ugonjwa.

Mlangoni nilivua viatu, na hapo ndipo nilipotambua mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, kwamba viatu vya pauni 210, vya hatua zaidi ya 200, vilikuwa vimekwenda kuketi kwenye rafu ya mbao kati ya makubadhi na ndala, na hakuna mkwe hata mmoja aliyevitupia jicho. La pili, kwamba sijawahi kuonja raha kubwa kama ile ya mguu wa kushoto juu ya zulia. Nilipokaa mbele ya bwana harusi na kumshika mkono, uso wangu ulikuwa ukimeremeta kiasi kwamba shehe, akihitimisha, aliwaambia watu watazame furaha ya walii mwema. Wazee kadhaa walijifuta machozi. Mimi nilikuwa nikikunja na kukunjua vidole chini ya kanzu.

Baada ya dua mguu ulikuwa umevimba, na kiatu hakikutaka tena mazungumzo. Watu walikuwa wanatoka, msafara unangoja kwenda kwa bi harusi, kijiko kiko nyumbani. Pembeni, karibu na mahali pa kutawadhia, palikuwa na kandambili za bluu. Nilivaa moja mguu wa kushoto, nikabaki na Oxford kulia, nikashika kile kiatu kingine mkononi kama samaki wa kununuliwa pwani. Ningependa kusema kwamba hakuna aliyejua kandambili ile ilikotoka, lakini kandambili za msikiti wetu, kwa ajili ya watu wenye tabia kama yangu ya siku hiyo, hukatwa pembe ya kisigino na kuandikwa M kwa rangi nyeupe. Niliirudisha kesho yake kabla ya alfajiri.

Mke wangu, aliyeona msafara ukikaribia na kuelewa mambo yote kwa mtazamo mmoja, alinivuta chumbani akanizungushia mguu kitambaa cheupe mpaka kwenye kifundo, ili angalau nifanane na mgonjwa kuliko kufanana na mwizi. Picha zote za harusi ziko hivyo: bwana harusi na joho lake, binti na dhahabu yake, na baba mdogo mwenye bendeji na kandambili ya wakfu. Siku ya pili mama wa bwana harusi alimleta mkandaji, mama mmoja mwenye vidole vya chuma, akanikanda mguu usiokuwa na ugonjwa mpaka ukaupata.

Dar es Salaam nilivipeleka viatu kwa fundi wangu. Alivipindua, akavisifu, kisha akanitazama mguu wa kushoto kwa muda.

"Mzee, huu mguu mbona ni mkubwa tangu nikujue," akasema. "Kile kiatu cha mtumba nilikutanulia mimi, mara ya kwanza ulipokileta. Nilidhani unajua."

Alikiweka cha kushoto kwenye kalibu yake ya mti kwa wiki mbili, akakipaka spiriti, akanirudishia kikiwa kinavalika kwa kikao kisichozidi dakika arobaini.

Mwaka uliofuata ofisi ilimpeleka mtu mwingine kwenye mafunzo yale yale, mwenzangu wa uhasibu, Mpare wa Same, mtu makini asiyependa kuonekana mshamba. Aliniuliza mahali pazuri pa kununua viatu, nami nikamwelekeza kwa mzee mwenye aproni. Aliporudi alikuja mezani kwangu na sanduku, lakini hakukaa.

"Wazungu wale wana mila kali sana," akaanza kwa sauti ya chini. "Yule mzee aliniuliza ninakotoka. Nilipomwambia Tanzania, aliinamisha kichwa, akaniletea kiatu kimoja tu, cha kulia. Nilipogusa kamba za mguu wa kushoto, akageukia ukutani."

"Nawe ukafanyaje?"

"Ningefanyaje? Nisingetaka kuvunja desturi za watu nchini kwao. Nilijaribu cha kulia, nikalipa."

Nilimtazama akizunguka meza kwenda kwenye kiti chake, bega moja likipanda na kushuka, akikanyaga kwa mguu wa kushoto kama mtu anayepita juu ya makaa. Alipofika aliketi, akafungua kamba kwa siri chini ya meza, akanong'ona kuniuliza kama namfahamu fundi yeyote wa kutanua viatu. Nilimwandikia namba ya mzee wa Kariakoo kwenye karatasi, nikamsogezea, nikarudi kwenye kazi zangu.