Kadi ya Msimu na Skafu ya Bure

Kampala hii kila mtu ana ruhusa ya kuhama isipokuwa mimi. Mpangaji anahama usiku na deni lake, mbunge anahama chama mchana kweupe, boda boda anahama upande wa barabara huku amekubeba. Lakini mimi, shabiki wa timu ya hapa hapa nyumbani, nikikosa mechi moja tu naitwa msaliti, tena na watu ambao hawajawahi kuninunulia hata soda.

Timu yenyewe siitaji kwa jina. Nina mke, nina mwenye nyumba, na ninasimamia mashine ya kusaga mahindi ya mtu hapa Kisenyi. Kesi nilizo nazo zinanitosha. Ijulikane tu kwamba iko ligi kuu, na kwamba niliirithi kwa marehemu baba, askari polisi wa kota za Naguru, pamoja na Kiswahili na ugonjwa wa presha. Kiswahili kinanisaidia kidogo.

Basi msimu uliopita timu ikaamka asubuhi ikasema sasa imekuwa ya kisasa, inauza tiketi za msimu. Kijana mwenye fulana ya kubana akanifuata mpaka mashineni, unga unamrukia kichwani, akaniambia, "Mzee, wewe si shabiki. Wewe ni familia." Nikashika mfuko papo hapo. Familia yangu mimi naijua, na kila inaponiita kwa upole hivyo ujue kuna mchango.

Kadi ilikuwa shilingi 150,000, mechi zote za nyumbani. Sasa mimi kutwa nzima napimia watu unga kwenye mizani, hesabu hainipigi chenga. Ligi tuliyoizoea ni ya timu 16, kila moja inakuja kwako na wewe unakwenda kwao, kwa hiyo nyumbani ni mechi 15. Getini ni shilingi 10,000. Zidisha. Inatoka 150,000 ile ile, haipungui hata ya chapati moja. Nikamuuliza kijana, punguzo liko wapi?

"Punguzo liko kwenye skafu, mzee."

Skafu! Ya sufu! Mtu ninayeshinda kando ya mashine inayotoa moto, ambako hata shati ni mzigo, navishwa sufu shingoni ili iweje? Siku hizi Mama Zaituni anaitumia kuepulia sufuria. Na msimcheke, maana ndicho kitu pekee cha timu ile kinachofanya kazi wiki nzima.

Nililipa kwa simu, na makato ya kutuma nikayabeba mimi, si ndiyo familia. Kadi ikachelewa. Mechi mbili za mwanzo nikalipa getini kama mpita njia, nikaambiwa nitunze vishina vya tiketi nitarudishiwa. Ninavyo mpaka leo, Zaituni atavirithi. Kadi ilipokuja, picha yangu ilikuwa imekatwa juu ya nyusi, jina la baba wameliacha, langu wameliandika mara mbili. Sikujali. Nikavaa jezi, nikaenda uwanjani kifua mbele, mtu mwenye kiti chake.

Mlinzi wa getini akaipokea, akaigeuza, akaikwangua kwa ukucha, akaielekeza juani.

"Hii ni ya nini?"

"Ya msimu."

"Msimu gani?"

"Huu tulio nao."

"Sisi tumepewa vitabu vya tiketi. Habari za kadi hatukuambiwa. Kaa pembeni kidogo, mzee."

Nikakaa pembeni. Nikiwa pale pembeni likapita gari la vioo vyeusi na watu sita ndani, mkono mmoja ukapunga, lango likafunguka lenyewe. Wakapita watoto chini ya senyenge. Wakapita wauza karanga. Mbuzi wa mtaani naye akaingia kwa njia ya watoto, akaenda kula nyasi za kona, na hakuna aliyemwambia akae pembeni. Bao letu la kwanza, ambalo nilikuwa nimelilipia kabla halijafungwa, nililisikia kwa masikio.

Halafu kuna suala la saa. Viwanja vingi havina taa, kwa hiyo mpira ni saa kumi jioni, na siku yenyewe mara nyingi ni Jumanne au Jumatano, wakati watu wazima wako kazini. Bosi wangu anatambua ruhusa ya aina moja tu: mazishi. Kwa hiyo msimu ule ukoo wetu ulipukutika. Nilianza na wajomba, nikaja kwa binamu, na shangazi mmoja wa Soroti nilimzika mara mbili, raundi ya kwanza na raundi ya pili. Bosi akaanza kunionea huruma kwa dhati. Siku moja akanipa rambirambi ya kilo tano za unga, nikaipokea kwa mikono miwili huku nimeficha jezi ndani ya koti.

Na hiyo "nyumbani" niliyouziwa, jamani, ina miguu. Mara uwanja umekodishwa kwa mkutano wa injili, mara nyasi zinapumzishwa, mara wakaguzi wamekataa choo. Unaamka unaambiwa leo nyumbani ni wilaya nyingine. Nauli ya taksi kwenda na kurudi inazidi tiketi yenyewe, lakini kwenye karatasi wewe umeingia bure.

Mtasema mimi mlalamishi. Haya, tuwaangalie wenzangu ambao hawadaiwi uaminifu. Kocha Robertinho, Mbrazili, alikuwa Vipers, timu ya hapa Uganda. Oktoba 2022 akaenda Lubumbashi akaitoa TP Mazembe kwa penalti, Vipers ikaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari 2023 akafunga begi akahamia Simba ya Dar es Salaam, na Simba iko kundi lile lile! Februari huyo tena Kitende, uwanja wa nyumbani wa Vipers, safari hii kwenye benchi la wageni, na Simba ikashinda 1-0. Simlaumu hata kidogo, ni mtoto wa watu anatafuta riziki. Ila kwake yeye hiyo inaitwa kazi. Mimi nikionekana nimekaa jukwaa la timu jirani kwa sababu tu kule kuna kivuli, kitaitishwa kikao cha tawi letu la mashabiki.

Winga wetu aliyebusu nembo Jumanne, Ijumaa nikasikia alikuwa wa kuazimwa, mwenyewe amemtaka. Mdhamini naye akaondoka katikati ya msimu kimya kimya. Jina lake bado liko kifuani kwenye jezi yangu. Namtangazia bure mpaka leo, na hata kalenda hajanitumia.

Nyumba ya pili kutoka kwangu anakaa jamaa, shabiki wa Manchester United, tunayemwita Bwana Old Trafford. Mashariki hajavuka Busia, magharibi hajavuka Mpondwe. Tiketi yake ya msimu ni benchi la mbao kwenye kibanda cha kuonyesha mpira, shilingi 2,000, na siku ya mechi kubwa anasimama. Huyo ndiye ananiambia mimi sina mapenzi ya kweli ya mpira! Timu yake ikifungwa mkewe anamwandalia matoke, anayatazama tu mpaka yanapoa. Na wako wengi. Januari 2023 pale Jinja mashabiki wanane wa Arsenal walikamatwa na polisi kwa kuandamana mjini wamebeba kombe la kuiga, eti timu yao imeifunga Manchester United 3-2. Ligi yenyewe ilikuwa haijakaribia mwisho. Watu wanalala mahabusu kwa ajili ya timu iliyo zaidi ya kilomita 6,000 kutoka hapa, na huku kwetu tukishinda hata mbwa habweki.

Bwana Old Trafford anapenda kunihadithia kwamba Ulaya watu wanasubiri miaka na miaka kwenye orodha ili wauziwe tiketi ya msimu. Ni kweli. Ila hapendi nikimkumbusha ya Anfield, uwanja wa Liverpool, Februari 2016. Liverpool walitangaza kwamba msimu utakaofuata kutakuwa na tiketi ya pauni 77. Mashabiki kama elfu kumi wakanyanyuka dakika ya 77 wakatoka zao nje. Timu ilikuwa inaongoza 2-0 dhidi ya Sunderland; ikamaliza 2-2. Siku chache tu baadaye wenye timu wakaomba radhi, bei ikafutwa.

Nikawaza, na sisi tufanye. Nikageuka jukwaani kuhesabu jeshi langu. Tulikuwa wachache kiasi kwamba refa angeweza kutuita kwa majina. Tukinyanyuka dakika ya 77, watasema tunawahi taksi kabla mvua haijanyesha. Na kusema kweli tutakuwa tunawahi.

Mwenye akili mtaani kwetu ni fundi baiskeli. Timu ni ile ile yangu, wimbo anaujua wote, lakini kila wiki anabeti kwamba tutafungwa. Tukishinda anacheza, tukifungwa anakula. Nilimwambia huo ni unafiki, akaniuliza mimi nikifungwa nakula nini.

Sasa kuna watakaoniambia nijifunze kwa mashabiki wa SC Villa, timu ya ligi yetu hii hii. Walichukua ubingwa wao wa 16 mwaka 2004, wakakaa miaka 20 ndipo wakaupata wa 17, mwaka 2024. Kuna mtoto alizaliwa mwaka ule wa kwanza akakua akaota ndevu, baba yake bado anasema "mwaka huu ni wetu". Nawavulia kofia. Lakini watu kama hao utawauzia kadi ya kuthibitisha nini? Na hapo ndipo hasira yangu inapopanda. Uaminifu tunauziwa mapema sisi ambao tungekuja tu, hata kwa mvua, hata kwa kumzika shangazi. Yule asiyekuja, aliyejazana kibandani na wenzake jasho linawatiririka, sijaona kijana wa fulana ya kubana akimfuata. Mbuzi mwenye kamba ndiye anayekamuliwa.

Sasa msimu mpya umefika na kijana amerudi. Safari hii kuna kadi ya shaba, ya fedha na ya dhahabu. Ya dhahabu unakaa karibu na mwenyekiti wa timu. Nikae karibu na mwenyekiti nimfanye nini, na presha yangu hii? Mama Zaituni akatoka ndani, akamwuliza, "Mwanangu, na skafu ipo? Maana sufuria sasa ni mbili." Kijana akaandika kwenye simu yake kwamba familia imeonyesha nia.

Kabla hajafika barabarani, mwenyekiti wa tawi naye akapiga. Kuna basi la Hoima, tunakwenda kucheza na Kitara, timu ya kule, kila mtu atoe shilingi 60,000, chakula juu yako. Nikamwambia huo ni wizi. Nikamwambia kadi ya msimu haina ugenini, Hoima ni karibu kilomita 200, na basi lile lile mara ya mwisho tulilisukuma tukiwa tumevaa jezi mpya. Nikamwambia siendi, aandike siendi. Akasema sawa. Nikamwuliza mechi ni siku gani. Akasema Jumatano.

Nikamwomba anihakikishie mapema, maana bosi lazima aambiwe leo hii nani amefariki.