Majeruhi wa ajali: tusubiri utafiti au tutibu kwanza?

Kuna ubishi wa siku nyingi kati ya wanaotibu majeruhi na wanaofanya tafiti za matibabu hayo, na naona wengi tunaofuatilia mambo ya afya mtandaoni huwa tunaupita juu juu. Upande mmoja unasema mtu kagongwa na gari, damu inamwagika, hapo hakuna cha jaribio wala nini, mpe kila unachoamini kitamsaidia. Upande wa pili unasema hapana, hapo ndo pa kuwa makini kuliko popote kwa sababu kuamini sio kujua. Na sio jambo dogo hili, WHO wanasema majeraha ya kila aina yanaua watu kama milioni 4.4 kwa mwaka duniani, na kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 ajali za barabarani ndo zinaongoza kwa kuua.

Mimi nimeegemea upande wa pili, na kilichonifikisha huko ni habari ya steroidi.

Mtu akiumia kichwa ubongo unavimba, na fuvu ni mfupa, halitanuki, kwahiyo ubongo unabanwa humo ndani. Steroidi zinapunguza uvimbe. Sasa ukiwa daktari hapo unahitaji nini tena? Kila kitu kinaingia akilini, na kwa zaidi ya miaka 30 majeruhi wa kichwa sehemu nyingi duniani walipewa hizo dawa na watu wenye nia njema kabisa. Tafiti ndogondogo zilikuwepo, hii inasema zinasaidia kidogo, ile inasema hazisaidii, jibu hakuna. Ndo mwaka 1999 likaanza jaribio kubwa linaloitwa CRASH, likiratibiwa kutoka Uingereza, hospitali 239 kwenye nchi 49, mgonjwa anapewa kwa bahati nasibu ama steroidi ama dawa bandia, yaani ya kulinganishia tu isiyo na dawa ndani yake, na hakuna wodini anayejua nani kapata ipi. Walilenga wagonjwa 20,000. Wakasimamisha mwaka 2004 wakiwa na 10,008 kwa sababu waliopewa steroidi walikuwa wanakufa zaidi: ndani ya wiki mbili asilimia 21.1 walikuwa wameshakufa, wakati kwa waliopewa dawa bandia ilikuwa asilimia 17.9.

Hebu tuikalie kidogo hiyo tofauti maana kila kitu kiko hapo. Ni watu kama watatu kwenye kila mia. Daktari anayepokea majeruhi mia wa kichwa kwa mwaka, wakifa 18 au wakifa 21 hataona lolote, maana mwaka huu wamekuja walioumia sana, mwaka jana walikuwa na nafuu, na mgonjwa akiamka tunasema dawa imefanya kazi, akifa tunasema alifika akiwa hoi. Hata ukae wodini miaka 20, uzoefu wako hauwezi kukuonyesha vifo vitatu kwenye mia. Ila ukivizidisha kwa wagonjwa wote waliopewa dawa hiyo duniani kwa miaka yote ile unapata idadi ya kutisha, na hakuna hata familia moja iliyojua.

Sasa upande wa kwanza nao una hoja, tena nzito. Mwaka 2003 jarida la madaktari la BMJ la Uingereza lilichapisha makala iliyosema hakuna hata jaribio moja la bahati nasibu linaloonyesha parachuti inaokoa mtu anayeruka kutoka kwenye ndege, je tuache kuivaa mpaka utafiti ufanyike? Ujumbe ulikuwa kwamba kuna vitu manufaa yake ni makubwa mno kiasi kwamba kuvifanyia jaribio ni kuua watu bure. Na kwenye majeruhi vipo kweli. Mkanda wa kukaza mkono au mguu ili kuzuia damu uliogopwa sana zamani, watu walifundishwa utumike mwisho kabisa, mguu utaoza. Vita vya Iraq vikabadilisha mambo, utafiti wa hospitali ya jeshi la Marekani mjini Baghdad uliotoka 2009 ulionyesha waliofungwa mkanda kabla hawajaingia kwenye shoku, yaani kabla mwili haujazidiwa kwa kupoteza damu, walipona asilimia 90, waliofungwa wakiwa tayari kwenye shoku walipona asilimia 10. Hilo halikuwa jaribio la bahati nasibu, lakini nani mwenye akili timamu angesubiri?

Tatizo langu ni kwamba kila mwenye tiba anayoipenda anaamini anayo parachuti mkononi. Tofauti ya 90 kwa 10 unaiona kwa macho. Tiba nyingi za majeruhi haziko hivyo, faida yake ikiwepo ni ya watu wawili watatu kwenye mia, yaani ukubwa uleule wa madhara ya steroidi, na ukubwa huo macho hayauoni.

Mfano mzuri ni tranexamic acid, dawa ya kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke, iliyogunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke miaka ya 1960. Ilitumika kwa upasuaji na kwa wanawake wenye hedhi nzito, lakini majeruhi wakakaa miongo bila mtu kuwapima nayo kwa kiwango kikubwa. Ni dawa ya bei ndogo, hataza yake (haki ya kampuni moja kuiuza peke yake) iliisha kitambo, na kampuni ya dawa haina sababu ya kumwaga hela nyingi hapo. Jaribio la CRASH-2, lililofuata lile la steroidi, likatoa majibu 2010 kwa wagonjwa 20,211 kutoka nchi 40: vifo vilishuka kutoka asilimia 16.0 hadi 14.5. Inaonekana kidogo, ila kwenye hospitali zote duniani hao ni maelfu kwa maelfu. Na walipochambua zaidi mwaka 2011 wakakuta muda ndo kila kitu, ukiwahi ndani ya saa moja inazuia vifo vya kuvuja damu karibu theluthi moja, ukichelewa zaidi ya saa 3 hatari ya kufa kwa kuvuja damu inapanda. Dawa ileile, mgonjwa yuleyule. Hilo nalo lisingejulikana kwa kuangalia tu wodini.

Lakini nisiifanye sayansi ionekane imemaliza kazi. Mwaka 2023 lilitoka jaribio la PATCH, wagonjwa 1,310 wa Australia, New Zealand na Ujerumani, dawa hiyohiyo ikipewa kabla mtu hajafika hospitali. Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa vichache kwa waliopewa, ila walipohesabu baada ya miezi 6 nani kapona na anaweza kujitegemea, pande mbili zilikuwa karibu sawa. Maana yake baadhi ya waliookolewa walibaki na ulemavu mkubwa. Hapo utafiti umekupa namba na kukuachia swali ambalo namba haziwezi kujibu, na wanaosema ushahidi pekee hautoshi kufanya maamuzi wako sahihi kabisa.

Kwenye majeraha ya akili hadithi inajirudia. Ilizoeleka mtu akitoka kwenye ajali au janga anakalishwa mapema, kikao kimoja, asimulie kila kitu alichoona na alivyojisikia. Nani angepinga? Lakini tafiti zilipokusanywa hazikuonyesha faida, na moja ya majeruhi wa moto ya mwaka 1997 ilikuta miezi 13 baadaye waliopitia kikao asilimia 26 walikuwa na msongo wa baada ya kiwewe (PTSD), ambao hawakupitia ni asilimia 9. Wapinzani wanasema kundi la kikao lilikuwa limeungua zaidi tangu mwanzo, na ni kweli, ndo maana sisemi kikao kinadhuru kila mtu. Ila kumlazimisha mtu asimulie siku ya pili eti ndo utaratibu, hapana.

Na kwenye kinga ndo naumia zaidi, kwa sababu huku majibu tunayo. Helmeti kwa waendesha pikipiki inapunguza vifo kwa asilimia 42 hivi na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69, mapitio ya 2008 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, yalisema hivyo. Kamera za spidi zinapunguza ajali na majeruhi. Kwa upande mwingine mafunzo ya kuwanoa madereva wenye leseni tayari, yalipopimwa kwenye majaribio, hayakuonyesha kupunguza ajali wala majeruhi, na kufundisha udereva shuleni kulifanya vijana wapate leseni mapema na kuingia barabarani wakiwa wadogo zaidi. Bado ukisikia kampeni ya usalama barabarani mara nyingi ni semina na mabango, maana semina haimkeri mtu na kamera inawakera wengi. Wanaotetea elimu wanasema inaandaa watu kukubali sheria, na hilo naweza kulikubali, lakini basi sheria ije kweli.

Linabaki suala la ridhaa, na hapa upande wa kwanza unanibana haswa. Mtu kazimia, hawezi kusema ndio wala hapana, una haki gani kumwingiza kwenye jaribio? Baadhi ya hospitali za CRASH zilidai ndugu asaini kwanza, nyingine ziliruhusu kuanza bila kusubiri, na zile za kusubiri zilichelewa kuanza dawa. Kwa dawa inayopoteza nguvu kila dakika, kumtafuta ndugu kunaweza kumgharimu mgonjwa uhai na pia kunaharibu majibu ya utafiti. Mimi naona ianze bila saini, kwa masharti: kamati huru ipitie mpango kabla, ndugu aelezwe mara tu akifika na awe na haki ya kumtoa mgonjwa wake, na majibu yachapishwe hata yakiwa mabaya. Na liongezwe moja ambalo halizungumzwi sana, wagonjwa wengi wa CRASH-2 walitoka nchi za kipato cha chini na cha kati, kwahiyo dawa ikithibitika iwepo kwenye chumba cha dharura cha hospitali hizohizo, ndani ya zile saa 3.