Tulikwenda Kumtazama Liyongo, Tukatazamana

Mtu wa Lamu ukitaka kumkosesha raha, mwimbie hadithi anayoijua. Samaki wa jana atakula, maji ya bomba atayangoja hadi kesho kutwa, punda akimkanyaga kwenye Usita wa Mui atasema yamepita. Lakini panda jukwaani umtoe Liyongo mlango wa kulia, na bibi yake alimwambia alitokea kushoto, uone kama utalala kwa amani.

Vijana wetu, Mungu awaongoze, wakaamua kumfanya Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi za kale za pwani yetu, mchezo wa nyimbo mwanzo mwisho. Si ule wa shule wa robo saa mwalimu akiangalia saa. Kinanda, udi, ngoma, mavazi ya kukodi, taa za rangi, ndani ya Ngome pale Mkunguni, baada ya Isha. Kiingilio shilingi 200, mtoto 50, mtoto wa kubebwa bure. Ndiyo sababu usiku ule Lamu haikuwa na mtoto mwenye miguu. Niliona kijana ameshaota masharubu yuko mgongoni mwa mamake, amefumba macho, ati amelala.

Mimi ni fundi cherehani. Mchana kutwa ni mguu kwenye pedeli na wateja wanaotaka kanzu ya Ijumaa siku ya Alhamisi jioni. Nilichotaka ni kukaa kimya niimbiwe. Mama watoto akanunua tiketi, nikamwombea dua, mpaka nilipojua kanunua na ya mamake.

Mambo ya mkwe mnayajua. Siwezi kugeuka kumtazama, siwezi kumwambia anyamaze, hata kukohoa napima. Na watu walivyofurika, mpango wa wanawake huku na wanaume kule ukavunjika, mkwe wangu akaketi kwenye mkeka nyuma yangu sawasawa, na kipepeo chake cha ukindu mkononi. Tangu hapo, kila Liyongo akikosea, kipepeo kikawa kinatua kwenye kofia yangu. Mimi nimekosa nini? Si mimi niliyetunga. Nimeshona kanzu mbili za walinzi tu, na moja sijalipwa.

Basi Liyongo akaingia. Sasa, kila aliyelelewa pwani hii anajua Liyongo alikuwa pandikizi la mtu, waliomwona waliingiwa na hofu mpaka wakaanguka. Aliyeingia ni kijana wa mashua wa pale gatini, tunamjua sote, na maikrofoni ilibidi ishushwe. Ukumbi ukaguna.

"Huyu ndiye?" mkwe akauliza. Pah, kofiani.

"Labda ni mtoto wake," akasema jirani yake.

"Mtoto wake yuko pale, ni mrefu kuliko yeye."

Kijana wa watu akaimba, na sauti anayo, tusimnyime haki yake. Akafika mahali pa kuufungua mkoba. Kisa kinasema Liyongo alipofika Pate aliukung'uta mkoba wake vikatoka kinu, mchi, mawe ya kusagia, vyungu, na watu wa mji wakapigwa na bumbuazi. Huyu akatoa kinu. Nyuma yangu mtu akainuka.

"Kinu changu hicho! Kinu changu nimekitafuta tangu mfungo wa sita!"

Alikuwa mkwe wangu. Mama watoto akawa anatazama dari, na Ngome pale katikati haina dari. Nikajua ni nani alikiazimisha, nikanyamaza, maana nyumba ni kusitiriana.

Kando yangu alikuwa mpwa wangu, anafanya kazi hoteli Mombasa, yeye alikuwa akiona haya kwa niaba ya kisiwa kizima. "Mjomba," akaninong'oneza, "wenzetu hawako hivi. The Lion King iko jukwaani New York tangu 1997, London tangu 1999. Watu wameiona ile filamu ya 1994 mpaka wameihifadhi, watoto wao wameihifadhi, na bado wanaketi gizani kimya. Wanapiga makofi mahali pa makofi."

Nikamuuliza, "Yule baba simba si anauawa na nduguye?"

"Ndiyo."

"Na wao wanajua mapema?"

"Wanajua."

"Na hakuna anayesimama kumwambia?"

"Mjomba, ni mchezo."

"Na wamelipa?"

"Wamelipa sana."

Lo. Kumbe kuna watu wana roho ngumu duniani. Sisi hapa Liyongo alipoitwa kwenda kula makoma, matunda ya mti wa mkoma, nusu ya ukumbi ilimwambia asiende. "Watakupiga mishale ukiwa juu!" Mtoto mmoja alilia kabisa, akataka apelekwe jukwaani amshike Liyongo kanzu. Na Liyongo hakwei, kila mtu anajua hakwei. Hila ya wale waliotumwa na mfalme wa Pate wamuue ilikuwa kila mmoja apande mkoma kwa zamu, na zamu yake ikifika wamlenge. Yeye akabaki chini akayaangusha makoma kwa mishale. Tunajua, lakini mtu haachi kumwonya nduguye ati kwa kuwa anajua atapona.

Mkoma wenyewe ulikuwa boriti ya mkoko iliyovikwa makuti, makoma yamefungwa kwa mshipi wa kuvulia, na nyuma ya pazia kuna kijana wa kuuvuta. Kijana huyo nadhani alikuwa anajibu simu. Liyongo bado anauvuta upinde, macho kayakunja, kinanda kimeshika pumzi, makoma yakamwagika yote chini. Mshale haujatoka.

Ukimya. Kisha mzee mmoja kule mbele: "Mashaallah! Hata hajaachia!"

Makofi yalivyopigwa pale hayakupigwa tena usiku ule. Mpwa wangu akajifunika uso.

Tukaja gerezani. Hapa ndipo wale vijana walipojitafutia balaa, kwa sababu Ngome ile ilikuwa jela kweli mpaka 1984. Wao wameweka gereza la mbao upande wa kaskazini, pazuri, taa ya buluu inaangaza. Mtu mzima mmoja, kofia ya kito, akanyoosha bakora: "Vyumba vilikuwa upande ule, siyo huo. Na mlango ulifungukia nje." Hakuna aliyemuuliza amejuaje. Mkewe alikuwa kando yake, naye hakumtazama.

Liyongo, minyororo mikononi, akaanza wimbo wa kumtuma kijakazi Saada kwa mamake: aoke mikate mizuri, na mmoja wa wishwa, ndani yake atie tupa ya kukatia minyororo. Wimbo wenyewe ni wa kusimamisha nywele mwilini. Ila kuna jamaa mmoja anauza mafuta ya mashine za mashua, naye aliona ile ndiyo nafasi yake, mdaiwa amefungwa na hawezi kukimbia. Akasimama.

"Wewe! Madumu yangu mawili utalipa lini?"

Nilidhani mchezo umekwisha. Liyongo hakupoteza hata mahadhi, akaigeuza beti papo hapo: Saada mwambie mama, na huyu naye anangoja, nikitoka humu ndani, nitamlipa moja moja. Vina vikakubali! Ukumbi ukalipuka. Mwenye mafuta akaketi, amenuna, lakini nilimwona kichwa kinatikisika na ngoma.

Kumbe hiyo ilikuwa nafuu. Saada akaja na mikate. Walinzi, kanzu zangu zile, wanatakiwa waichukue mizuri waile, ule wa wishwa wamrushie mfungwa kwa dharau. Watoto wa Lamu, wale wote waliobebwa bure, wakapiga kelele kwa umoja ambao darasani hawajawahi kuuonyesha: "Kuna tupa ndani!"

Mlinzi mwenyewe ni kijana mwadilifu, amesoma madrasa, uongo haujui. Akauvunja mkate kutazama. Tupa ikaanguka ng'a! kwenye mbao. Akaishika. Akamtazama Saada. Saada akamtazama mpiga kinanda. Mpiga kinanda akaacha kupiga. Hapo historia yote ya pwani ilisimama, maana tupa ikikamatwa Liyongo hatoki, na asipotoka sote tunarudi nyumbani saa tatu.

Saada akasema, bila kuimba, "Hiyo ni ya kunolea mbuzi ya nazi."

"Aa," akasema mlinzi, "sawa." Akairudisha ndani ya mkate, akaubana pande mbili vizuri, akamrushia mfungwa. Na fundi seremala mwenye tupa akapaza sauti kutoka nyuma kwamba isirushwerushwe, ni ya kazi.

Mimi bado sijaimbiwa. Kila wimbo ukianza, nyuma yangu wanawake wanauimba kwa mahadhi yao, ya zamani, na wao ni wengi kuliko spika. Na kulia kwangu kuna mzee aliyehifadhi utenzi alioutunga Muhamadi Kijuma, mtu wa papa hapa Lamu, mwaka 1913. Kila beti wakiiruka anasema kwa upole, "Wameiruka." Baada ya muda nikawa simsikii Liyongo, namsikia mzee tu: wameiruka, wameiruka, hii wameigeuza, wameiruka. Upande mwingine mtu wa Pate analalamika mbona mfalme mbaya siku zote ni wa kwao. Na wa Kipini akamjibu nyamaza, nyinyi mlimuua, kaburi tunalitunza sisi.

Kisha gungu, ile ngoma ya kale. Mnajua Liyongo, alipohukumiwa kuuawa, aliomba achezewe gungu kubwa, ili ngoma na pembe zimeze sauti ya tupa. Hila hasa. Ngoma zikalia, na wazee wa mstari wa mbele, ambao tangu magharibi wanalalamika magoti, wakainuka na bakora zao wakapanda jukwaani kucheza. Nani awashushe? Mwelekezi ana miaka ishirini na kitu, kati ya wazee wale yumo babu yake. Walicheza mpaka Liyongo akawa ameshakata mnyororo, amechoka kushika tupa, ameketi kwenye kinu cha mkwe wangu akiwatazama. Kusema kweli pale walipendeza. Pale ndipo peke yake nilipoburudika, na hawakuwa kwenye orodha ya waigizaji.

Sasa mwisho. Wale vijana walikuwa wameubadilisha! Ati mtoto wa Liyongo, aliyeahidiwa na mfalme uwaziri na binti yake, anamwendea babake usingizini, sindano ya shaba mkononi, tayari kwa kitovu, maana ni hapo tu anapouawa, kisha moyo unamlainika, anaitupa sindano, babake anaamka, wanakumbatiana, kwaya inaingia. Nasikia walisema hadithi ni ya familia na watoto watalala vibaya.

Sindano ilipotupwa, wallahi niliisikia Ngome ikivuta pumzi.

"Hasha!"

"Iokote!"

"Keti tini, mwacheni aiokote!"

Kijana kaduwaa. Babake kafungua jicho moja. Na mkwe wangu, mwanamke asiyeweza kuona kuku akichinjwa, akasimama wima, mkono mmoja begani mwangu kujishikiza, akatamka kwa sauti ya huruma: "Mwanangu, mdunge babako tukalale."

Akamdunga. Angefanya nini?

Na hapo hapo, watu wale wale, vilio! Wanawake wanamlaani. "Umemuua babako kwa ajili ya uwaziri!" "Na binti wa mfalme hupewi!" Ni kweli hakupewa, lakini mtoto wa watu mlimshurutisha nyinyi, dakika haijapita! Kesho yake asubuhi alikwenda kununua mahamri, mama wa mahamri akamwambia yamekwisha, sinia limejaa mbele yake.

Liyongo akajikokota hadi kisimani, akapiga goti, mshale kwenye upinde, akafa hivyo hivyo. Mji ukaogopa kuteka maji, ukidhani yu hai, na kwaya ikaimba kiu: siku ya kwanza hatuna maji, siku ya pili hatuna maji, siku ya tatu. Kutoka nyuma kabisa sauti ikatoka: "Sisi Langoni wiki ya pili, na kisimani hakuna mtu!"

Kwaya ikashindwa kuendelea. Mama Liyongo, aliyetakiwa aje amlilie mwanawe, alicheka mpaka utaji ukamvuka. Nje, punda wa mtu akalia na yeye, kwa urefu. Taa zikawashwa.

Mlangoni mwelekezi akasimama na daftari, masikini, anauliza maoni. Mzee wa utenzi akamwomba kurasa za kuandikia zilizorukwa, akapewa daftari zima. Mtu wa Pate akataka safari ijayo mfalme awe wa Lamu. Mkwe wangu akatoka na kinu chake kichwani, na nikaambiwa nikipokee, nikakipokea, kizito kuliko nilivyokumbuka. Mpwa wangu alikwishaondoka zamani.

Mwenye mafuta akawa wa mwisho. Akauliza onyesho la pili ni lini.

"Ijumaa ijayo, ami."

"Na Liyongo ni yule yule?"

"Yule yule."

Akahesabu shilingi 200, akataka kiti cha mbele.