Schnee na karatasi lake: Dar es Salaam, Agosti 1914

Katika simulizi za Vita Kuu ya Kwanza huku kwetu, Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la koloni la Wajerumani, ndiye shujaa, na Heinrich Schnee, gavana wa koloni hilo, ni bwana wa ofisini aliyetaka kuwapa Waingereza mji hata kabla ya kupigana. Simulizi hizo nyingi zimetoka kwa wanajeshi, na mwanajeshi hampendi anayemwambia asipigane.

Tuitazame bandari kwanza. Mlango wa Dar es Salaam ni mwembamba na umejipinda, lakini hilo halikuwa na msaada mkubwa, kwa sababu manowari iliweza kukaa nje na bado ikaifikia ikulu ya gavana, iliyoelekea baharini. Mizinga ya pwani ya kujibu mapigo haikuwepo. Jeshi zima la koloni lilikuwa na kombania 14: Wazungu kama 260 na askari kama 2,500. Hata Lettow hakupanga kuzizuia meli ufukweni. Alikusanya watu wake Pugu, amsubiri atakayeshuka. Mzozo wao ulikuwa kwingine. Lettow alitaka kuwashughulisha Waingereza wengi kadiri iwezekanavyo ili wasiende kupigana Ulaya. Schnee aliuliza nchi yenyewe itabaki na nini.

Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Waingereza Astraea ilipiga mizinga kituo cha simu ya upepo. Wajerumani wakauangusha mnara wenyewe, wakazamisha chelezo chao cha kuelea, cha kutengenezea meli, kwenye mlango wa bandari. (Manowari yao Königsberg ilikuwa baharini, kwa hiyo walimfungia nje mwenzao, ikaishia Rufiji.) Schnee akakubali masharti: mji hautapigana, wala hautapigwa. Tanga nayo ikapata mapatano ya namna hiyo mwezi huohuo.

Wanaomtetea Lettow wana hoja. Wakuu wa jeshi la majini kule London waliyakataa mapatano, na Tanga ndiko ilikoanzia reli ya kwenda Moshi. Kuiachia ni kuufungua mlango wa kaskazini. Kisheria gavana ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho juu ya jeshi, lakini Lettow hakumsikiliza, na Novemba akawashinda huko Tanga watu kama 8,000 wa jeshi la Waingereza kwa watu wake kama 1,000, wengi wao wakiwa wameletwa kwa treni kutoka kaskazini.

Ila treni ile ilipata wapi muda wa kufika? Asubuhi ya tarehe 2 Novemba manowari Fox iliingia peke yake kwenye ghuba ya Tanga, nahodha wake akaona lazima awaarifu Wajerumani kwamba mapatano yamevunjwa. Akampa mkuu wa wilaya, Auracher, saa moja ashushe bendera. Auracher hakushusha kitu. Alipeleka habari kwa Lettow. Pigano kubwa likaja tarehe 4, askari wakiwa wameshashuka kwenye mabehewa. Karatasi la mapatano alilolidharau Lettow ndilo lililomnunulia siku mbili, na sijaona wanaomsifu wakilitaja kwa uzito wake.

Kisha kuna gharama ya vita kuendelea hadi 1918, na hapa ndipo ninapoegemea upande wa Schnee. Majeshi yote mawili yalipita Ugogo, nchi ya Dodoma, yakikomba mtama na ng'ombe, na wanaume wakachukuliwa upagazi wakati wa kulima. Mvua ilipokosa baadaye, ghalani hamkuwa na kitu. Njaa ile Wagogo wanaiita Mtunya, na inakadiriwa iliua watu 30,000, kama mmoja kati ya kila watano. Ugogo haikuwa na bandari wala kiwanda. Sanamu ya Askari pale Samora ina kibao kinachowataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Mama aliyebaki Dodoma na ghala tupu hamo.

Ni kweli Schnee hakuwa akiwaonea huruma Wagogo. Alikuwa mkoloni aliyeogopa Maji Maji nyingine na hasara ya mashamba ya walowezi. Tena yaelekea Waingereza wangelichukua koloni hata hivyo, ingawa Wajerumani nao waliivamia Taveta, upande wa Waingereza, wiki moja tu baada ya mapatano ya Dar es Salaam. Lakini koloni kuanguka mwaka 1915 na kuburutwa hadi 1918 si jambo moja kwa mtu anayelisha majeshi mawili. Nia ya gavana haikuwa safi. Hesabu yake ilikuwa na mantiki.

Dar es Salaam yenyewe ilipigwa mizinga mwishoni mwa 1914, ikulu ikabomoka. Tarehe 4 Septemba 1916 Waingereza waliingia bila mji kupiganiwa. Jeshi lilikuwa limeshaondoka, na Lettow alikuwa njiani kuelekea kusini.